Diploma au Digrii ya Uuguzi? Kweli na Uongo Unaosikika Mpanda

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mwezi wa kwanza, Mpanda nzima hugeuka ofisi ya ushauri. Ukipita Makanyagio utaambiwa hili, ukifika Kashaulili utaambiwa kinyume chake, na baba mkubwa anayepiga simu kutoka Inyonga ana la kwake. Binti ana B ya Baiolojia, C ya Kemia na C ya Fizikia, na anataka unesi. Aende diploma sasa hivi, au aingie kidato cha tano asome PCB, aje achukue digrii? Majibu hayakosekani. Tatizo ni kwamba mengi yamejengwa juu ya mambo ambayo hayapo, au yalikuwepo yakaisha.

Kwanza tujue tunalinganisha nini. Diploma ya uuguzi na ukunga, ambayo kwenye karatasi huitwa stashahada, ni miaka mitatu baada ya kidato cha nne na iko ngazi ya sita kwenye hesabu za NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Digrii ni miaka minne chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla hujaitwa muuguzi kamili. Chini ya hizo mbili kuna cheti, yaani astashahada, ambacho leo tunakigusa tu.

"Diploma ni ya walioshindwa kwenda kidato cha tano."

Si kweli, na kama kuna uongo mmoja ambao ningependa ufe mwaka huu, ni huu.

Unatokana na sifa za kujiunga. Kitabu cha udahili kinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D inahesabika kuwa ufaulu. Mtu akisoma hapo anasema, "Kumbe D nne tu!" Lakini D nne ni ruhusa ya kuomba. Nafasi kwenye vyuo vya serikali hugombaniwa na waombaji wa nchi nzima, na chuo kikipata wenye C na B hakimtafuti mwenye D. Wapo vijana wa daraja la kwanza na la pili waliochagua diploma kwa akili zao timamu, kwa sababu nyumbani kuna wadogo zao watatu wanaosubiri ada.

Kubwa zaidi ni sheria. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndiyo inayosema nani ni nani. Mwenye cheti huorodheshwa. Mwenye diploma na mwenye digrii wote husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na wote wawili ni wauguzi waliosajiliwa. Hakuna leseni ya nusu kwa mwenye diploma. Anayekuambia kwamba wa diploma ni "msaidizi wa nesi" amechanganya na cheo cha utumishi serikalini, ambako mwenye diploma huanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi na mwenye digrii kama Afisa Muuguzi. Hilo neno "msaidizi" limeumiza watu wengi bure. Ni jina la ngazi ya mshahara tu, halimaanishi kwamba kuna mtu anayemshikia beseni.

Tukumbuke pia kwamba digrii ya uuguzi nchini ilianza Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980. Mamatroni waliokuwa wakiogopwa hospitali nzima kabla ya hapo, waliofundisha na kusimamia wodi, wengi wao walitoka ngazi hiyo hiyo inayobezwa leo kijiweni.

"Ukishapata digrii ya uuguzi, udaktari ni kumalizia tu."

Uongo mtupu. Hakuna daraja linalotoka digrii ya uuguzi kwenda udaktari. Anayetaka kuwa daktari anaanza mwaka wa kwanza kama wengine, miaka mitano na utarajali juu yake. Digrii ya uuguzi inakupeleka kwenye uzamili wa uuguzi, kwenye kufundisha, kwenye usimamizi. Kama moyo wako uko kwenye udaktari, usiuzungushe kupitia wodi ya wenzako.

"Wodini kazi ni ile ile, digrii ni karatasi."

Nusu kweli, na hapa itabidi tukae kidogo.

Chukua zamu ya usiku leba. Mama kaja na uchungu. Nesi anampima, njia imefunguka sentimita 4, anafungua partografu, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Kuanzia hapo kila nusu saa anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuyaweka kwa nukta. Anahesabu mikazo ndani ya dakika kumi. Baada ya saa nne anapima tena njia na kuandika. Kwenye karatasi kuna mistari miwili iliyolala mshazari: wa tahadhari, unaotarajia njia ifunguke sentimita moja kila saa, na wa kuchukua hatua, ulio saa nne kulia kwake. Alama ikianza kuvuka ule wa kwanza, nesi hasubiri ule wa pili ndipo aanze kutafuta gari. Kama yuko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Mpanda iko zaidi ya kilomita 100, na masika barabara ina mambo yake.

Je, partografu hiyo inajali nani ana diploma na nani ana digrii? Haijali. Wote wamefundishwa na wote wanawajibika kwayo. Mtoto aliyezaliwa amechoka atapigwa ambu na mikono ile ile. Katika zahanati, ambako mara nyingi kuna tabibu mmoja na wauguzi wawili watatu, wengi wao wa cheti na diploma, ndiko sehemu kubwa ya uuguzi wa mkoa huu wa Katavi inakofanyika. Chanjo, kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, kidonda cha mkulima aliyejikata jembe, vyote vinapita hapo.

Na kazi ni nyingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 uliiweka Katavi mbele ya mikoa yote kwa mimba za mabinti wa miaka 15 hadi 19: asilimia 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Mkoa wa namna hiyo hauwezi kusubiri kila mkunga amalize kidato cha sita.

(Karema yenyewe ina historia ambayo watoto wetu wangefaa kuijua. Adrien Atiman, mtoto aliyekamatwa utumwani karibu na Timbuktu, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Hospitali ya Sumbawanga yenye jina lake, kwa Dkt. Atiman, wengi wameipita bila kuuliza alikuwa nani.)

Sasa nusu ya pili, ile ambayo wanaosema "karatasi tu" hawaitaji. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliangalia hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, na wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Sehemu ya wauguzi wenye digrii kati ya wauguzi wote ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Hiyo si karatasi tu. Mwenye digrii amefundishwa zaidi kusoma tafiti, kusimamia wenzake, kuona kwamba vidonda vya mgonjwa wa kitanda cha nne na cha tisa vimeoza kwa sababu moja, na kuandika ripoti itakayomfanya mganga mkuu abadilishe kitu.

Lakini utafiti huo huo ulikuta jambo lingine ambalo wanaoutaja kwenye semina huliruka: muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja juu ya wale alionao, uwezekano wa kifo ulipanda kwa asilimia 7. Yaani elimu ya nesi na idadi ya manesi zinavutana kwa uzito unaokaribiana. Nesi wa digrii aliye peke yake usiku kwenye wodi iliyojaa hadi chini hawezi kufanya maajabu ya Ulaya. Kwa maoni yangu, Katavi inawahitaji wote wawili, na anayewagombanisha hajawahi kulala wodini akisubiri dripu yake ibadilishwe.

Wanakoachana kweli ni mbele ya safari. Nafasi za usimamizi, za kufundisha chuoni, na za uzamili kwa kawaida zinamtaka mwenye digrii. Ila diploma nayo haina ukuta: muuguzi mwenye diploma anaweza kusoma mwaka mmoja wa mafunzo ya usingizi, akarudi kituo cha afya akawa ndiye anayewezesha mama apasuliwe pale pale badala ya kupelekwa Mpanda. Bila mtu wa usingizi, chumba cha upasuaji ni stoo yenye marumaru.

"Mshahara wa digrii ni mara mbili ya wa diploma."

Si kweli serikalini. Afisa Muuguzi Msaidizi daraja la pili huanzia ngazi ya mshahara ya TGHS B, na Afisa Muuguzi daraja la pili huanzia TGHS C. Ni ngazi inayofuata, na tofauti ipo, lakini haifiki mara mbili.

Ukitaka hesabu ya fedha iliyo kamili, weka na muda ndani yake. Vijana wawili wamemaliza kidato cha nne pamoja. Wa kwanza anakwenda diploma na baada ya miaka mitatu yuko sokoni kutafuta kazi. Wa pili ana miaka miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya chuo kikuu na mmoja wa utarajali: jumla saba, ingawa ule wa mwisho analipwa posho. Ana miaka minne nyuma ya mwenzake, na katika miaka hiyo ada, nauli na chumba vinatoka kwa mtu. Na nauli si neno dogo. Digrii ya uuguzi utaifuata Muhimbili, Dodoma, Bugando kule Mwanza, au KCMC Moshi. Katavi tunayo kampasi ya chuo kikuu, ile ya Mizengo Pinda huko Kibaoni, lakini ni ya SUA, chuo kikuu cha kilimo, na SUA haifundishi uuguzi. Anayetafuta diploma ana machaguo ya karibu zaidi: Kabanga kule Kasulu, Nkinga mkoani Tabora, na vingine vya ukanda huu.

Ukiweka yote mezani, wa diploma anayepata kazi mapema huwa mbele kwa fedha kwa muda mrefu, na wa digrii humfikia polepole kisha humpita kwa sababu ngazi yake ina vidato vingi juu. Neno la kushika hapo ni "anayepata kazi mapema", na tunaliendea sasa hivi.

"Unesi ajira ni nje nje."

Ilikuwa karibu na kweli zamani, wahitimu wa afya walipokuwa wakipangiwa vituo moja kwa moja. Siku hizi serikali hutangaza nafasi kwa vibali, unaomba kwenye mfumo, unashindana. Wapo wenye diploma na wenye digrii waliokaa nyumbani wakijitolea kwa posho ya nauli, leseni mkononi. Uhaba wa wauguzi zahanatini na wauguzi wasio na kazi mtaani vipo pamoja, maana kinachoajiri ni bajeti.

Kwa anayetoka Katavi kuna nafuu moja ambayo haisemwi sana: vijana wengi wa mijini huikwepa mikoa ya pembezoni, na wakipangiwa huanza kuandika barua za uhamisho kabla hawajafungua begi. Aliye tayari kwenda Mishamo, Majimoto au Ikola bila kulia ana washindani wachache kuliko anayengoja Dar es Salaam.

"Mkopo wa Bodi ni wa digrii tu."

Ilikuwa kweli. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, na afya ni mojawapo. Mjomba aliyesoma miaka ya 2010 hajui hilo, na usimlaumu. Ila mkopo ni deni, na ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe, wa diploma na wa digrii sawasawa.

"Mtandaoni wanasema digrii ya miaka miwili inatosha kuwa nesi."

Wanasema kweli, ila wanazungumzia Marekani. Huko kuna asosieti digrii, ya miaka miwili hadi mitatu, na bachela ya miaka minne, na wahitimu wa zote mbili hufanya mtihani mmoja wa leseni. Makala nyingi atakazokutana nazo binti akitafuta kwenye simu yake zimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa Ohio, na ada zake ni za dola. Diploma yetu inafanana nayo kwa nafasi, kwamba ndiyo njia fupi ya kuingia, lakini si kitu kimoja na hazibadilishani mezani. Kinachofaa kujulikana ni mwelekeo. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka wauguzi wapya waliosajiliwa wapate bachela ndani ya miaka kumi. Uingereza imekuwa ikifundisha wauguzi wapya kwa digrii tu tangu 2013. Anayeota kufanya kazi nje siku moja, digrii ataihitaji mapema kuliko anayebaki.

"Anza na diploma, digrii utaichukua wakati wowote."

Huu ndio ushauri unaotolewa sana, na mimi mwenyewe huutoa. Lakini ni nusu kweli, na nusu isiyo kweli imewakwamisha watu wazima wenye familia.

Nusu iliyo kweli: mlango upo. Vyuo vikuu hupokea wenye diploma ya uuguzi, na Chuo Kikuu cha Aga Khan Dar es Salaam kina programu iliyotengenezwa makusudi kwa wauguzi walio kazini. Muda wa masomo kwa aliyetoka diploma si ule ule kila chuo, kwa hiyo usichukue wa jirani ukadhani ni wako. Kama umeajiriwa, unahitaji kuthibitishwa kazini kwanza, uwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na upewe ruhusa ya maandishi. Kuna wanaoondoka kwa kuelewana tu na mganga mfawidhi kwa mdomo, wakirudi wanakuta jina limesimamishwa mshahara. Na ukirudi na digrii yako hubadilishiwi muundo wiki hiyo hiyo. Inasubiri kibali na ikama, na wapo waliovaa cheo cha zamani muda mrefu baada ya mahafali.

Nusu isiyo kweli ni "wakati wowote" na "yeyote". Diploma yenyewe inatakiwa iwe na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Kwa hiyo yule anayesema "mradi nisidisko", anayepita kwa sapu kila muhula, anajifungia digrii akiwa bado na umri wa miaka 19 bila kujua. Halafu kuna cheti cha kidato cha nne, ambacho watu hudhani kimezikwa siku walipoingia chuo cha uuguzi. Hakijazikwa. Mwenye diploma anapoomba digrii ya uuguzi, kwa kawaida hutakiwa awe na angalau D za kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza.

Rudi juu ukaangalie sifa za diploma. Hisabati na Kiingereza huko ni nyongeza ya kukupa nafuu, si lazima. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia diploma akiwa na F ya Hisabati, akamaliza vizuri, akapata leseni, akazalisha mamia ya watoto wa wilaya ya Tanganyika, akaheshimika kijiji kizima, kisha siku anaomba chuo kikuu mfumo ukamkataa kwa alama aliyoipata akiwa kidato cha nne. Hana cha kujadili na mfumo.

Kwa hiyo kabla hata ya kuuliza diploma au digrii, chukua cheti cha matokeo na utazame masomo mawili ambayo washauri wa kijiweni hawayatazami kabisa. Kama Hisabati au Kiingereza ni F, dawa ipo na ni nafuu sasa kuliko baadaye: kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, hata ukiwa mwaka wa kwanza wa diploma. Mtihani ni Novemba. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi unasubiri mwaka mwingine.